Maswali ya Wasomaji: Kipindi cha Michezo na Viungo vya Mtoto

Katika toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wetu nchini Uganda jinsi elimu ya viungo inavyofundishwa, au isivyofundishwa, katika shule za msingi wanazozijua. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua tano, tukazifupisha, na kuondoa majina ya walioziandika na ya shule zao.

Nina wanafunzi 92 na mipira miwili, na mmoja wao hutoka upepo kabla kipindi hakijaisha. Nikiwapanga foleni warushe mmoja mmoja, wanachoka kusubiri na kuanza kusukumana. Nikiwaachia wacheze mpira wa miguu, wavulana kama kumi na watano ndio wanaocheza, na waliobaki, hasa wasichana, wanakaa chini ya mwembe. Nifanye nini ili kipindi kiwafae wote?
*Mwalimu wa darasa la pili, Arua*

Mwalimu, tuanze na hesabu ya foleni, maana ndiyo inayofichua tatizo. Kipindi cha madarasa ya chini ni cha dakika 30. Ukiwagawa watoto wako katika foleni mbili, na kila mmoja akatumia sekunde 20 kurusha, kuufuata mpira na kuurudisha, foleni moja itapata nafasi 90 hivi, na kila mtoto atakuwa amerusha mara mbili tu, hata kabla hatujatoa dakika zinazopotea kati ya mlango wa darasa na kiwanja. Hakuna stadi ya mwili inayojengeka kwa kurusha mara mbili kwa wiki. Kusukumana unakokuona si utovu wa nidhamu. Ni watoto wenye umri wa miaka saba waliosimamishwa juani bila kazi.

Imeenea imani, hata miongoni mwetu walimu, kwamba mtoto hujua kurusha, kudaka na kuruka kadiri anavyokua, kama anavyoota meno. Kukua humwongezea nguvu na urefu, lakini namna ya kuitumia nguvu hiyo hufunzwa na kurudiwarudiwa, na asiyepata mafunzo wala nafasi ya kurudia anaweza kufika darasa la saba akirusha jiwe vile vile alivyolirusha alipokuwa chekechea. Miaka ya kabla ya shule pamoja na ile ya madarasa ya kwanza, ya pili na ya tatu ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu mtoto bado anapenda kujaribu na hajaanza kuona haya mbele ya wenzake.

Wataalamu huzigawa stadi za msingi za mwendo katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la kuhamisha mwili kutoka mahali hadi mahali: kukimbia, kuruka kwa miguu miwili, kurukaruka kwa mguu mmoja, kuvuka kwa hatua ndefu. La pili ni la kumudu kifaa: kurusha, kudaka, kupiga teke, kupiga kwa fimbo. La tatu ni la kuumiliki mwili wenyewe, yaani kusimama bila kuyumba, kujipinda, kugeuka na kusimama ghafla. Mpira wa miguu wa watoto wengi hugusa sehemu ndogo tu ya makundi hayo, na kwa mtoto asiyeufikia mpira haugusi chochote zaidi ya kukimbia.

Chukua mfano wa kurusha, na ukitoka kesho uwatazame watoto wako. Wapo watakaolikabili shabaha kifua mbele, miguu imeganda, wakirusha kwa kiwiko peke yake. Wapo watakaopiga hatua, lakini kwa mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha, na mpira wao hautafika mbali. Wachache watasimama ubavu, watapeleka mkono nyuma, watatanguliza mguu wa upande wa pili, kisha nyonga na kiwiliwili vitageuka kabla ya mkono kufuata. Kazi yako katika kipindi kimoja si kuwahamisha wote kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Chagua neno moja la kuwaelekeza, kwa mfano “Ubavu!” wiki hii na “Mguu wa pili!” wiki ijayo, ulitamke kila unapopita, na mengine uyaache kwanza. Ukitaka warushe kwa nguvu, waambie wapige ukuta au shina la mti kwa kishindo, usiwaambie walenge duara dogo, kwa maana mtoto anayeogopa kukosa shabaha hurudi kurusha kwa kiwiko.

Kudaka kuna matatizo yake. Mtoto anayegeuza uso na kufumba macho mpira unapokuja si mwoga wa kuzaliwa: ameshapigwa na kitu kigumu, au anatarajia kupigwa. Mpe kitu chepesi na kikubwa kwanza, akidake kwa kukikumbatia kifuani, halafu kwa viganja, na mwisho viwiko vikunjike kidogo kukipokea kitu ili kisiruke tena.

Hapo ndipo mipira inapohitajika, na mipira miwili haitoshi wala huna haja ya kusubiri bajeti. Wape watoto wiki nzima ya kutengeneza: makavera, yaani mifuko ya plastiki, yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba hutoa mpira mwepesi wa kudakia, majani makavu ya migomba hutoa mpira mzito zaidi wa kurushia, soksi iliyotoboka ukiitia mahindi na kuifunga hutoa kifuko kisichobingirika, ambacho kwa anayeanza kudaka ni bora kuliko mpira wowote wa dukani, kwa sababu kinakaa mkononi na kikianguka hakikimbii. Ukipata vitu 46, utawapanga wawili wawili katika mistari miwili inayotazamana. Wakirusha kila baada ya sekunde kumi, kila mtoto atarusha mara 30 na kudaka mara 30 ndani ya dakika kumi. Hata ukipoteza nusu ya hizo kwa vurugu, bado umeishinda foleni kwa mbali.

Michezo mnayo tayari. Kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa na wenzako, ambayo wasichana wa nchi hii huicheza bila kufundishwa na mtu, ina kurusha, kukwepa, kugeuka na kusimama ghafla, na mimi ningeiweka mbele ya mpira wa miguu kwa darasa la pili. Ina kasoro moja tu: anayepigwa hutoka, na wa kwanza kutoka ni yule yule mzito wa miguu aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Badilisha kanuni hiyo. Anayepigwa abadilishane nafasi na aliyempiga, mchezo uendelee. Watie wavulana pia, tena bila kuwaomba radhi. Na wasichana walio chini ya mwembe usiwahukumu kuwa hawapendi michezo kabla hujawapa kitu cha kushika.

Watoto wetu hutembea na kukimbia kilomita kadhaa kila siku kwenda shule, kupanda na kushuka mlima. Mabingwa wetu wa mbio walianza hivyo hivyo, kabla hatujasikia habari za vipindi hivi. Kwa nini shule itumie saa kuwafundisha watoto wa Sebei kukimbia?
*Baba wa watoto wanne, Kapchorwa*

Mzee wangu, kwa pumzi hatubishani nawe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme, na watoto wako huenda wanazimaliza kabla ya kengele ya asubuhi, jambo ambalo wengi wa watoto wa Kampala wanaopelekwa kwa bodaboda hawalipati.

Lakini pumzi ni jambo moja na stadi ni jingine. Njia ya mlimani haimfundishi mtoto kudaka, kurusha wala kupiga. Hata katika mbio zenyewe, mtazame Peruth Chemutai, jirani yenu wa Bukwo, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, katika michezo ya Tokyo mwaka 2021. Mbio zake za mita 3,000 zina vizuizi 28 vya kuruka na dimbwi la maji la kuvuka mara 7. Mwanariadha anafika mbele ya kizuizi akiwa amechoka, amezungukwa na wenzake, na lazima apime hatua zake kwa jicho, aruke bila kupunguza mwendo, na atue kwa mguu mmoja bila kuyumba. John Akii-Bua alipovunja rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82, alikuwa na vyote viwili, pumzi na stadi. Na Joshua Cheptegei wenu alicheza mpira wa miguu shuleni, akajaribu kuruka chini na kuruka mara tatu, kabla ya kugundua kwamba mbio ndefu ndizo zake.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi: si kila mtoto wa Kapchorwa atakuwa mkimbiaji. Mtoto asiyejua kudaka wala kupiga anapofika miaka kumi au kumi na miwili, wenzake hawamchagui, naye huanza kujitenga. Akijitenga hapati mazoezi, na pengo linazidi kupanuka. Siku atakapohamia mjini, na njia ya mlimani haipo tena, hatakuwa na mchezo wowote wa kuukimbilia. Mwambie mwalimu wa huko asipoteze kipindi kwa mbio za kuzunguka kiwanja. Awape vizuizi vya fito, mipira na kamba.

Mwanangu ana miaka minane. Hujikwaa mara kwa mara, hawezi kufunga vifungo vya shati bila msaada, mwandiko wake hausomeki, na kwenye michezo hakuna anayetaka kuwa upande wake. Mwalimu anasema ni mvivu. Mama mkwe anasema nilimbeba mgongoni muda mrefu mno. Lakini akizungumza ni mwerevu kuliko dada zake. Ana nini?
*Mama, Busia*

Mama, kumbeba mgongoni hakukumdhuru, na mama mkwe anaweza kuambiwa hivyo kwa heshima.

Sisi hatuwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini unayoyaeleza yanafanana na hali inayojulikana vyema na wataalamu wa watoto, ambapo ubongo hupata taabu kupanga na kuratibu miendo ilhali akili ya mtoto ni timamu kabisa. Inakadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule, na hutambuliwa zaidi kwa wavulana. Maana yake ni kwamba katika darasa la wanafunzi 90 huenda wapo wanne au watano, na mara nyingi ndio wanaoitwa wavivu au wazembe. Mtoto wa namna hii hutumia juhudi kubwa kuliko wenzake kwa kazi ile ile, kisha akachapwa kwa kutoimaliza.

Kwanza apimwe macho na masikio, kwa maana mtoto asiyeona vizuri naye hujikwaa na huukosa mpira. Pili, jiulize kama mambo haya yalikuwepo tangu mwanzo au yamekuja baadaye. Ikiwa alikuwa akiweza kukimbia au kufunga vifungo na sasa ameshindwa, ikiwa upande mmoja wa mwili ni dhaifu kuliko mwingine, au ikiwa miguu inazidi kukosa nguvu, usisubiri muhula uishe. Mpeleke hospitali sasa. Kama ni hali ya tangu utotoni, ulizia katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe iwapo kuna mtaalamu wa tiba anayewafundisha watoto shughuli za kila siku. Ukiweza kufika upande wa Entebbe, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi inahudumia watoto wenye ulemavu na matatizo ya viungo.

Nyumbani, igawe kazi katika vipande vidogo. Vifungo aanze na kile cha chini kabisa anachokiona vizuri, na shati liwe limelazwa mezani kabla halijavaliwa. Kumenya karanga, kusuka kamba, kufinyanga udongo na kutunga shanga ni mazoezi ya vidole yasiyo na aibu yoyote ndani yake. Shuleni, mwombe mwalimu ampe mwenza mmoja mpole badala ya kumwacha achaguliwe na timu. Kwa kweli desturi ya manahodha wawili kuchagua wachezaji mbele ya darasa zima ningependa ikomeshwe kwa watoto wote.

Shule ya binafsi wanakosoma wanangu iko kwenye nyumba ya kupanga, na uwanja wake hauzidi maegesho ya magari manne. Elimu ya viungo ipo kwenye ratiba, lakini tangu darasa la tano muda wake hutumika kwa marudio ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu mkuu anasema hakuna nafasi na hakuna mtihani. Je, ana haki?
*Mzazi, Kampala*

Kuhusu mtihani, anasema kweli nusu. PLE ina karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Masomo ya Jamii pamoja na dini. Hakuna karatasi ya viungo. Lakini mtaala wa taifa haukuandikwa kwa ajili ya karatasi nne peke yake. Elimu ya viungo imo ndani yake, pamoja na muziki na sanaa za mikono, katika somo ambalo walimu huliita CAPE. Na tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, elimu ya viungo ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo mtoto wako atalikuta huko mbele akiwa ameachwa nyuma na wenzake.

Hofu yake kwamba dakika hizo zitashusha alama haina msingi mkubwa. Tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa zimeonyesha kwamba kutenga muda wa elimu ya viungo hakudhoofishi matokeo ya masomo, na baadhi zimeona watoto wakitulia na kusikiliza vizuri zaidi baada ya kujinyoosha. Sitakudanganya kwamba kuruka kamba kunafundisha sehemu za desimali. Ninachosema ni kwamba marudio ya saa nane mchana, kwa watoto waliokaa tangu saa moja asubuhi, yana faida ndogo kuliko mwalimu mkuu anavyodhani.

Kuhusu nafasi, uwanja wa magari manne unatosha kwa mengi, isipokuwa kukimbia kwa kasi na kurusha mbali. Watoto 20 wanaweza kuruka kamba hapo kwa zamu fupi. Mstari wa chaki sakafuni ni wa kutembea kisigino kwa kidole, mbele na nyuma, macho wazi na kisha yamefumbwa. Kusimama kwa mguu mmoja huku ukirushiana kifuko cha mahindi na mwenzako ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jaribu mwenyewe jikoni. Na ngoma zetu zimesahaulika bila sababu. Runyege ya Bunyoro na Tooro, ambayo mchezaji hufunga njuga miguuni, inadai mguu utue kwa wakati wake hasa, na kosa husikika papo hapo na kila mtu. Watoto wanaojiandaa kwa mashindano ya muziki na ngoma ya shule tayari wanafanya elimu ya viungo ya hali ya juu, ila wanafanya wachache waliochaguliwa, na waliobaki wanatazama.

Katika mkutano wa wazazi, usianze kwa kulalamika. Omba kuonyeshwa ratiba, kisha uliza ni mwalimu gani aliyefundisha kipindi hicho wiki iliyopita na alifundisha nini. Wazazi watatu wakiuliza swali hilo hilo mikutano miwili mfululizo, ratiba hubadilika.

Nitatoaje alama katika stadi hizi? Nikiwapima kwa anayeruka mbali zaidi, watoto wakubwa hushinda daima.
*Mwalimu wa darasa la tatu, Kasese*

Usipime umbali. Katika darasa moja huwa na mtoto wa miaka minane na mwingine wa kumi na mmoja aliyechelewa kuanza shule, na utepe wa kupimia utakuambia umri wao tu. Tazama namna mwili unavyotenda. Kwa kuruka kwa miguu miwili, kwa mfano, yatosha mambo matatu: je, magoti yalikunjika na mikono ikaenda nyuma kabla ya kuruka, je, miguu yote miwili iliondoka na kutua pamoja, je, alitua magoti yakiwa yamelegea bila kuanguka?

Chora jedwali lenye majina upande mmoja na mambo hayo matatu juu, na uweke alama ya vema kwa kila linalotimia. Usijaribu kulipima darasa zima siku moja. Chagua watoto wanane kila kipindi, bila kuwatangaza, uwatazame wakati wote wakiendelea na mazoezi, kila mmoja mara mbili au tatu, kwa kuwa mtoto anaweza kukosea mara moja kwa kuteleza tu. Darasa la watoto 70 litakuchukua vipindi tisa, na kila mtoto atakuwa ametazamwa kwa makini angalau mara moja katika muhula. Aliyekosa kwa ugonjwa mwachie nafasi wazi, asiandikiwe sifuri.